Fuwele ya shabu na maji yaliyomo ndani yake: mwongozo kamili wa kuikuza na kuipima ukiwa Tanga

Kipande cha shabu anachokupaka kinyozi baada ya kukunyoa ndevu ni kikavu, kigumu, na mwanga unapenya ndani yake. Hata hivyo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Katika gramu 100 za shabu, gramu 45.6 ni maji matupu, na unaweza kuishika kutwa nzima bila kidole kulowa.

Maji hayo ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu. Watu wengi, hata wanafunzi wanaofaulu vizuri, huyachanganya na unyevu. Chumvi ya jikoni ikilowa kwenye kopo wakati wa masika tunasema imeingia maji, na ni kweli: imenyonya unyevu wa hewa, hasa kwa sababu ya magnesiamu kloraidi inayobaki kwenye chumvi isiyosafishwa sana. Fuwele ya chumvi yenyewe haina maji ndani. Shabu ni habari nyingine kabisa. Maji yake yamepangwa na yanahesabika, kila molekuli ina mahali pake, na ukiyatoa fuwele haipo tena.

Humu utaanzia dukani na kumalizia kwenye hesabu. Utakuza fuwele moja kubwa na safi, utazipima pembe zake, kisha utachukua fuwele ndogo zilizobaki, utayafukuza maji yake kwa moto na kuonyesha kwa mizani kwamba yalikuwa molekuli 12 kwa kila alumini moja. Maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako chumba kina nyuzi 20 na hewa ni kavu. Tanga hatuna chumba cha namna hiyo, kwa hiyo vipimo vyote hapa nimevipanga kwa joto letu na hewa yetu ya pwani. Kazi inamfaa mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne, mwalimu wa klabu ya sayansi, na mzazi mwenye subira.

Kwanza, ujue unakuza nini

Kwa jina la kemia shabu ni potasiamu alumini salfeti yenye maji 12, nayo huandikwa KAl(SO₄)₂·12H₂O. Ile nukta ya katikati huwapotosha wengi, maana inaonekana kana kwamba maji yamebandikwa pembeni baada ya kazi kwisha. Mwaka 1935 Henry Lipson na Arnold Beevers walichapisha mpangilio wa ndani wa fuwele za jamii ya shabu, walioupata kwa kuzipiga eksirei. Katika mpangilio huo hakuna maji ya pembeni hata kidogo.

Anza na alumini. Ioni yake, yaani atomu yenye chaji ya umeme, ni ndogo na ina chaji tatu chanya. Imezungukwa na molekuli sita za maji: moja juu, moja chini, nne kiunoni, zote zimeielekezea oksijeni zao, zikiwa karibu mno, nanometa 0.19 hivi (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Ioni ya potasiamu nayo imezungukwa na molekuli sita, lakini kwa ulegevu, kwa umbali wa karibu nanometa 0.3, kwa kuwa ni kubwa na ina chaji moja tu. Sita za alumini na sita za potasiamu: hizo ndizo 12 za kwenye fomula.

Alumini na potasiamu hupokezana nafasi kwa mpangilio uleule wa sodiamu na klorini katika chumvi ya jikoni. Ukitoka kwenye alumini, jirani wa kulia, wa kushoto, wa mbele, wa nyuma, wa juu na wa chini wote ni potasiamu. Salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni nne, hukaa katika nafasi zilizobaki, kwenye mistari inayokwenda kona hadi kona ya mchemraba. Kinachovifunga vyote pamoja ni haidrojeni za maji, ambazo huelekea kwenye oksijeni za salfeti na kuzivuta. Kwa hiyo kila molekuli ya maji imeshika ioni ya metali upande mmoja na salfeti upande wa pili. Ni boriti za nyumba: paa na kuta zote zimeegemea hapo.

Kipande kidogo kabisa kinachojirudia ndani ya fuwele ni mchemraba wenye upande wa nanometa 1.22 hivi. Ndani yake mna alumini 4, potasiamu 4, salfeti 8 na maji 48. Gawanya uzito wa vitu hivyo kwa ujazo wa mchemraba huo, utapata karibu gramu 1.75 kwa kila sentimita ya ujazo, na huo ndio uzito wa shabu unayoishika mkononi. Mpangilio huohuo ndio unaotoa umbo la nje: nyuso nane za pembetatu, piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako.

Kununua shabu

Nenda Soko la Mgandini, au pita kwenye maduka ya viungo na dawa za asili katika barabara za namba za Ngamiani.

"Shikamoo mzee. Naomba shabu ya mawe."

"Marahaba mwanangu. Ya mawe au iliyosagwa?"

Chukua ya mawe, na uchague vipande vinavyopenyeza mwanga. Iliyosagwa huwezi kujua imechanganywa na nini. Gramu 300 zinatosha kwa kazi yote iliyomo humu.

Jina moja la shabu hubeba vitu zaidi ya kimoja, na hapa lazima uwe makini. Kuna shabu ya potasiamu, ambayo ndiyo tunayoitaka. Kuna shabu ya amonia, yenye amonia mahali pa potasiamu. Fuwele zake zina umbo lilelile na huota vizuri, ila hesabu ya mwisho haitakubali. Na kuna alumini salfeti ya kutibia maji, inayokuja kwa mabonge meupe yasiyopenyeza mwanga. Hiyo haitakupa fuwele ya pande nane hata ungesubiri mwaka.

Kutofautisha mbili za kwanza ni rahisi. Ponda punje ndogo, ichanganye na chokaa ya kujengea na matone mawili ya maji, kisha uipashe moto kidogo kwenye kijiko cha chuma. Pepea harufu kwa mkono ije puani, usiinamie kijiko. Ikitoka harufu kali ya kuchoma pua, kama ya choo kisichomwagiwa maji, hiyo ni amonia. Isipotoka kitu, umepata shabu ya potasiamu.

Vyombo na maji

Masufuria mengi ya majumbani kwetu ni ya alumini, na mmumunyo wa shabu ni tindikali. Utaila sufuria taratibu na sufuria itauchafua mmumunyo. Tumia chombo cha kioo kinachostahimili moto, cha chuma kisichoshika kutu, au bakuli la enameli lisilobanduka. Kwa kukuzia, chupa ya kioo ya mdomo mpana, ya jamu au ya achari, inafaa sana. Ioshe vizuri, maana mafuta na vumbi huzalisha fuwele mahali usipozitaka.

Maji ya mvua ndiyo bora. Yakinge baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza, kisha uyachuje. Maji ya bomba, yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, yanafaa kwa kunywa lakini yana chumvichumvi zilizoyeyuka, na zile za kabonati hugombana na shabu na kuacha ukungu mweupe. Maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri pia ni mazuri. Ila ukiyaomba dukani soma chupa kwa macho yako mwenyewe, kwa sababu rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri, na hiyo huunguza ngozi na kupofusha macho.

Utahitaji pia kipimajoto, kitambaa safi cha pamba cha kuchujia, ndoo ya lita 20, na mshipi mwembamba wa kuvulia. Wauza zana za uvuvi karibu na soko la samaki la Deep Sea wanao wa kila unene. Chukua mwembamba kuliko wote. Uzi wa kushonea haufai, kwa kuwa nyuzinyuzi zake huota fuwele ndogo mwili mzima.

Kutengeneza mmumunyo

Shabu hubadilika sana kwa joto. Katika gramu 100 za maji zinayeyuka takriban gramu 11 kwa nyuzi 20, gramu 17 kwa nyuzi 30, gramu 24 kwa nyuzi 40, na gramu 57 kwa nyuzi 60. Tanga tunaishi kati ya nyuzi 25 na 33 ndani ya nyumba, kwa hiyo namba ya kushika kichwani ni 17.

Pima maji mililita 500. Yapashe moto mpaka nyuzi 60, yasichemke. Tia gramu 110 za shabu iliyopondwa na ukoroge kwa mwiko wa mbao au wa plastiki mpaka iishe yote. Utasikia chombo kikipoa mkononi mwako kadiri inavyoyeyuka, maana shabu hunyonya joto ili kuliachanisha jengo lake. Chuja kingali cha moto, funika kwa kitambaa, na uache chombo kipoe hapo kilipo hadi asubuhi.

Kwa nyuzi 30 nusu lita hiyo inaweza kubeba gramu 83 tu. Gramu 27 hivi zitakuwa zimeshuka chini zikiwa fuwele, nyingi zimebanana. Usizitupe, ndizo za jaribio la mizani. Mmumunyo ulio juu yake sasa umeshiba, nao ndio utakaokuza fuwele yako.

Mbegu

Mimina mmumunyo ulioshiba kwenye sahani ya kioo, kina cha nusu sentimita. Iweke mahali pasipopita upepo wala watoto. Baada ya siku moja au mbili utaona vifuwele vimeota chini, kimoja hapa, kingine pale. Vikiwa na upana wa milimita 4 au 5, mwaga mmumunyo na uviangalie kwa lenzi.

Unatafuta mbegu, yaani kifuwele kilichokaa peke yake, kingo zimenyooka, ndani hamna doa jeupe. Vingi vitakuwa bapa, vyenye uso mkubwa wa pembe sita juu. Hilo si kosa: kilichokaa chini hakiwezi kukua upande unaogusa sahani, kwa hiyo hutanuka kiubavu. Ukikitundika katikati ya mmumunyo kitajirekebisha chenyewe na kurudia umbo la pande nane.

Kifunge kwa kitanzi cha mshipi, fundo moja la kukaza, kwa mikono mikavu. Ukikigusa sana kwa vidole vyenye jasho utazipunguza kingo zake.

Kukuza katika joto la Tanga

Hapa ndipo wengi hushindwa, na sababu ni hesabu ndogo. Chukua chumba chenye paa la bati mwezi Februari. Alfajiri kina nyuzi 25, alasiri kinafika 32. Kwa nyuzi 25 maji yako gramu 500 hubeba gramu 70 hivi za shabu. Kwa nyuzi 32 yanataka karibu gramu 90. Tofauti ni gramu 20. Fuwele ya gramu tano uliyoitundika asubuhi inaweza kuliwa mchana mmoja, ubaki na kitanzi kitupu kinaelea. Hata ikisalimika, kila mchana itayeyuka kidogo na kila usiku itajipaka tabaka jipya, na matabaka hayo huacha ukungu ndani yake.

Dawa yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ndoo. Jaza ndoo ya lita 20 maji ya kawaida, isimamishe chupa yako ndani yake mpaka shingoni, na uiweke kwenye sakafu ya saruji katika chumba cha ndani, mbali na dirisha linalopigwa na jua la magharibi. Maji mengi kiasi hicho hayakubali kupanda na kushuka joto upesi, na chupa iliyomo hutulia.

Ya pili ni saa ya kushibisha. Kabla ya kutundika mbegu, iache chupa ndani ya ndoo kwa siku nzima ikiwa na vipande vya shabu vya ziada chini, huku ukiukoroga mmumunyo mara kwa mara. Alasiri, wakati ndoo imefika joto lake la juu, umimine mmumunyo kwenye chupa nyingine safi kupitia kitambaa, kisha utundike mbegu. Sasa mmumunyo umeshiba kwa joto kubwa kuliko yote litakalotokea siku hiyo. Usiku utapoa kidogo na mbegu itakua. Mchana utarudi ulipokuwa, na mbegu haitayeyuka. Ukishibisha asubuhi, kama vitabu vingi vinavyoelekeza, utakuwa umeipa fuwele yako njaa kuanzia saa sita mchana.

Funika mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira. Maji yatatoka polepole kupitia kitambaa, na shabu isiyo na maji ya kuibeba itajenga juu ya mbegu. Hewa yetu nzito huchelewesha jambo hili, na mimi naona ni heri tupu. Fuwele inayokua upesi hufungia vitone vya mmumunyo ndani yake na kugeuka nyeupe. Inayokua taratibu inabaki angavu mpaka unaweza kusoma maandishi kupitia humo.

Miezi si sawa. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua ni haba, maji hutoka vizuri. Masika, hasa Aprili na Mei, kazi hudorora, na hakuna haja ya kuwasha feni wala kuianika chupa juani, subiri tu. Julai joto hupungua, nami kwa fuwele safi naupenda mwezi huo kuliko yote. Mwenye ndugu Lushoto ana njia nyingine kabisa: huko usiku wa Julai una baridi ya kweli, na mmumunyo ulioshibishwa kwa nyuzi 30 ukipandishwa mlimani utakuza fuwele kwa kupoa peke yake.

Kila baada ya siku mbili tatu angalia chini ya chupa. Fuwele nyingine zikianza kuota humo zitakula chakula cha ile yako. Itoe yako, ifute kwa karatasi laini, mimina mmumunyo kwenye chupa safi kupitia kitambaa, kisha uirudishe. Usiisuuze kwa maji matupu kamwe.

Kwa anayetaka kuona jambo la kuvutia zaidi, tenga chupa ya pili. Tia punje kidogo kidogo ya magadi kwenye mmumunyo wake mpaka utokee ukungu hafifu usioondoka kwa kukoroga, kisha uchuje. Fuwele itakayoota humo haitakuwa na ncha sita kali: kila ncha itakatwa na uso wa mraba, kwa kuwa tindikali ikipungua nyuso za mchemraba hukua polepole kuliko zamani, na uso unaokua polepole ndio unaobaki ukionekana. Mpangilio wa ndani haukubadilika hata kidogo.

Kuichunguza

Fuwele ikifika sentimita mbili kwa kila ukingo, itoe na uikaushe. Kata kipande cha kadibodi chenye mwanya wa nyuzi 109.5 ukitumia protrakta, kisha ukilaze kwenye ukingo ambapo nyuso mbili zinakutana. Kitakaa bila kuacha nafasi. Jaribu kingo zote 12. Fuwele inaweza kuwa imenenepa upande mmoja na kukonda mwingine kwa jinsi ilivyoning'inia, lakini pembe hazibadiliki. Nicolaus Steno aliligundua hilo kwenye fuwele za kwazi na kuliandika mwaka 1669, zaidi ya karne mbili kabla ya eksirei.

Sasa ipime uzito. Fuwele ya sentimita mbili kila ukingo ina ujazo wa sentimita za ujazo 3.8 hivi na uzito wa gramu 6.6. Asilimia 45.6 ya hizo ni gramu tatu. Una mililita tatu za maji mkononi, zaidi ya nusu ya kijiko cha chai, na unaona mwanga ukipita katikati yake.

Jaribio la mwanga linahitaji miwani ya jua yenye kioo cha kuchuja mwanga, ile wanayopenda wavuvi kwa kuwa inaondoa mng'ao wa bahari, na kompyuta mpakato. Fungua ukurasa mweupe, vaa miwani na ugeuze kichwa mpaka skrini iwe nyeusi. Weka fuwele ya shabu mbele ya skrini: itabaki nyeusi, kila upande utakaoigeuzia. Weka punje kubwa ya sukari: itang'aa. Mchemraba una tabia moja kwa pande zake zote, na mwanga ukipita ndani ya shabu hauoni tofauti ya kwenda huku au kule. Sukari ina mpangilio wa mshazari, ambao huugawa mwanga. Shabu yako ikionyesha weupe hafifu kwenye pembe, huenda ina mchanganyiko wa potasiamu na amonia; mchanganyiko huo huleta mkazo ndani ya fuwele.

Gusisha karatasi ya litmasi ya buluu kwenye mmumunyo uliobaki: itageuka nyekundu. Sababu iko katika yale maji sita ya alumini. Alumini imeyavuta kwa nguvu kiasi kwamba baadhi yake huachia haidrojeni. Tia shabu kidogo kwenye gilasi ya maji ya tope utaona mwendelezo wa jambo hilohilo: alumini iliyopoteza haidrojeni za maji yake hugeuka utelezi mweupe unaokusanya udongo na kuuzamisha. Ndivyo mabibi zetu walivyotuliza maji ya mto kwenye mtungi. Maji yaliyotulia hayajafa vijidudu, kwa hiyo ya kunywa yachemshe.

Kuyatoa maji na kuyahesabu

Chukua zile fuwele ndogo za chini ya chombo, zikaushe kwa karatasi na uziache kwenye hewa ya chumbani usiku mmoja ili unyevu wa juu uondoke. Ziponde. Unahitaji mizani inayosoma gramu 0.01, masonara wanazo, na ukiomba kwa adabu wengi watakupimia.

Pima kikombe kirefu cha kauri au cha chuma kisichoshika kutu kikiwa kitupu. Tia gramu 10 za shabu. Kikombe kisijae zaidi ya sehemu moja ya tano, kwa sababu utakachokiona sasa kinapanda sana.

Fanyia kazi nje au kwenye baraza, ukiwa na miwani ya kukinga macho. Anza na moto mdogo. Karibu na nyuzi 92 shabu inageuka kimiminika, wala hukutia maji: inayeyuka ndani ya maji yake yenyewe. Jengo limeanguka na kilichokuwa kikilishikilia kimekuwa kioevu. Endelea polepole. Kimiminika kinatokota, kinakuwa kizito, kisha kinafura na kupanda kikiwa povu jeupe linalokauka kuwa gamba jepesi lenye matundu. Livunje kwa fimbo ya kioo na uendelee kupasha hadi kama nyuzi 200, muda wa nusu saa hivi. Usiipeleke mpaka chombo kiwe chekundu: salfeti yenyewe itaanza kuvunjika na kutoa moshi mkali wa salfa unaounguza koo.

Acha ipoe ikiwa imefunikwa, maana unga huu sasa una kiu. Pima. Pasha tena dakika kumi, poza, pima. Uzito ukiacha kupungua, umemaliza.

Tuchukue mfano. Gramu 10.00 zimebaki gramu 5.50. Maji yaliyotoka ni gramu 4.50, gawanya kwa 18.02, ambayo ni gramu za moli moja ya maji (moli ni kipimo cha kuhesabia molekuli), unapata moli 0.250. Chumvi kavu gramu 5.50, gawanya kwa 258.2, gramu za moli moja ya shabu isiyo na maji, unapata moli 0.0213. Moja kwa nyingine inatoa 11.7. Hesabu kamili ingebakiza gramu 5.44 na kutoa 12.0. Ukipata kati ya 11.5 na 12, kazi yako ni nzuri. Upungufu kwa kawaida hutokana na maji ya mwisho, yale yaliyoshikwa na alumini kwa karibu, ambayo ni magumu kuondoka kuliko ya potasiamu. Ukipata zaidi ya 12, shabu ilikuwa na unyevu wa nje au ilirukaruka kutoka kikombeni. Rudia ukiwa na moto mdogo zaidi.

Kuitunza

Fuwele uliyoikuza haitaki kukaushwa. Watu wa pwani tumezoea kutia punje za mchele kwenye chumvi na vile vifuko vya kunyonya unyevu kwenye sanduku la kamera, na mkono unakwenda huko wenyewe. Kwa shabu ni kinyume. Kwenye hewa kavu sana maji ya uso wake huanza kutoka, na uso unageuka mweupe wa unga. Hewa ya Tanga inayoozesha kufuli na kulowesha chumvi ndiyo inayoifaa: ina mvuke wa kutosha kuyazuia maji ya fuwele yasitoke, lakini hautoshi kuiyeyusha.

Ifute kwa kitambaa laini, ipake rangi ya kucha isiyo na rangi tabaka mbili jembamba, ukiacha la kwanza likauke kabisa, kisha uiweke kwenye chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko. Usiiache kwenye dirisha la jua wala juu ya dashibodi ya gari. Iandike jina na tarehe, na uiweke juu, mbali na watoto, kwa sababu inavutia kama pipi na kuila si salama. Mmumunyo uliobaki utie kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Ukiuongezea shabu na kuupasha moto, utakuza fuwele nyingine.